Kidole ni Chako

"Zima hiyo kitu!" afande alisema, na Mugendi akazima.

Kibanda chake hapo mtaa wa Majimbo kilikuwa kidogo kama choo, na nusu yake ilikuwa mashine: redio ya kanda mbili, jasho la miaka miwili ya kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna. Kila mteja alikuja na kanda yenye nyimbo na nyingine tupu, akabonyeza mwenyewe kitufe chekundu cha kukopi. Mugendi alikodisha tu. Alikuwa ameandika ukutani kwa mkaa: MASHINE NI YANGU, KIDOLE NI CHAKO.

Nyuma ya afande alisimama Kathuri, yule mwimbaji wa Manyatta, shati amelifunga mpaka kooni.

"Mimi nimeuza kanda thelathini," alisema. "Lakini kila nyumba wanaimba nyimbo zangu!"

"Si mimi nakopi, mzee. Jembe likikata mtu mguu, utashika fundi aliyelifua?"

"Fundi hakai hapo akisikiliza mguu ukikatwa. Wewe unasikia wimbo ukiibwa, na unatingisha kichwa!"

Hiyo ilimwingia. Kweli alikuwa anatingisha kichwa. Nyimbo zilikuwa tamu.

"Chomoa waya, hii inaenda stesheni," afande akasema.

Mugendi akaushika waya. Bila mashine ni kurudi muguka, mgongo umepinda, vidole vyeusi.

Kathuri akavuta kanda moja kwa rafu, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. "Ngoja. Kwanza tusikie ushahidi."

"Hiyo wacha, mzee, tafadhali. Ni ya mteja, inangoja kutumwa."

"Weka!"

Akaweka. Watu wa hapo hawatumi kanda bila salamu mbele. Spika ikakohoa, kisha sauti ya mwanamke mzee ikatoka, polepole.

"Cicily, ni mimi mama yako, Wanjira. Huko Siakago uko salama? Sikia vile kaka yako Kathuri anaimba. Nilimwambia ni kelele ya walevi. Usimwambie nimesikiza. Nimerudia mara nne. Huyu kijana wa mashine amenibonyezea, vidole vyangu vinatetemeka. Mungu ambariki."

Halafu gitaa.

Afande alisoma ukuta, akamgeukia Mugendi. "Kumbe kidole ni chako."

"Hiyo moja, ndiyo."

Kathuri alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda. Alikaa hapo mpaka wimbo ukaisha, kama mtu anausikia mara ya kwanza.

"Afande, enda unywe chai," akasema. "Hii ni maneno ya nyumbani."

"Na mashine?"

"Wachana nayo."

Afande akaenda akinung'unika. Mugendi akashusha pumzi ndefu mpaka vumbi likaruka kwa spika, akacheka peke yake kama mjinga.

"Nini inachekesha?"

"Hakuna, mzee."

"Rudisha pale mwanzo, pale anaongea. Uko na kanda tupu?"

Mugendi akafungua moja mpya, akaiweka upande wa pili, akarudi nyuma, mikono mfukoni. Kathuri akaangalia ukuta. Akaangalia kile kitufe chekundu. Akanyoosha kidole, na kabla hakijashuka, kikatetemeka kidogo.