Bastola ya Kiwanda cha Cherehani

Dwight Pruitt alikuwa fundi wa bodi za magari pale Claremore, Oklahoma, na kwa kazi hiyo mjini hapakuwa na wa kumfikia. Ungemletea Chevrolet iliyolala ghalani tangu enzi za marehemu baba yako, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, kutu imeila milango hadi mkono unapita. Yeye angeinyoosha, angeipiga msasa, angeipaka rangi tabaka juu ya tabaka, na siku ya kuichukua ungejiona usoni kwenye boneti. Wazee wa watu walikuwa wakilia pale gerejini. Mmoja aliwahi kulibusu bampa.

Mkwewe, Harlan Stallcup, hakuvutiwa na hayo yote. Harlan alikuwa mstaafu wa shirika la umeme, mtu mkavu, mrefu, mwenye masikio makubwa, na mapenzi yake yalikuwa bastola za zamani. Kila maonyesho ya bunduki yalipofunguliwa kule Tulsa alikodi meza, akazipanga bastola zake juu ya kitambaa cha kijani, kisha akakaa nyuma yake na thamosi ya kahawa kama mfalme anayesubiri ugeni. Dwight alikwenda naye kumbebea masanduku, na kila mara walibishana jambo lile lile.

"Hebu nieleze tena, mzee," Dwight angesema. "Hii na hii ni ndugu. Zote zinalia, zote zinaua. Kwa nini hii ni bei ya jokofu na hii ni bei ya gari?"

"Kwa sababu hiyo ya jokofu zilitengenezwa nyingi kama mchanga. Na kuna mpumbavu aliifanyia usafi."

"Usafi ni dhambi?"

"Kwenye chuma cha zamani, ndiyo. Wewe kwenu kitu kikichakaa unakifanya kipya. Huku kikichakaa chenyewe, kwa mikono ya watu walioishika, ukakiacha hivyo hivyo, hapo ndipo mtu anatoa pesa. Rangi ile ya kiwandani ikishatoka hakuna wa kuirudisha."

"Kwa hiyo watu wanalipia kutu."

"Wanalipia ukweli, mkwe. Bahati mbaya ukweli huwa na kutu. Lete donati."

Dwight angecheka, angeleta donati, na yale maneno yangeingilia sikio hili yakatokea la pili. Aliyachukulia kuwa maringo ya mzee. Alimpenda Harlan, hilo halikuwa na shaka, ila katika miaka yote tangu amwoe Noreen alikuwa hajawahi kumsikia akimwambia "umefanya vizuri." Na mwanamume, hata akiwa na mvi, hulitamani neno hilo kutoka kwa baba wa mkewe.

Basi Harlan akavunjika nyonga. Alianguka kwenye ngazi za kibaraza, akapelekwa hospitali, akawekewa chuma, akapelekwa nyumba ya mazoezi kujifunza kutembea upya. Sikukuu yake ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia. Dwight akawaza: mzee huyu ana kila kitu, nimpe nini? Ndipo akaikumbuka bastola ya Amos.

Amos alikuwa baba yake Harlan. Alirusha ndege vitani, akarudi na bastola yake ya jeshi, na alipofariki ikabaki kwa mwanawe. Haikuwahi kupanda mezani Tulsa. Ilikaa chumbani kwenye droo, chini ya chupi ndefu za baridi, maana Harlan aliamini mwizi huanza na sefu. Jamaa wote walijua ni bastola ya Babu Amos, na walijua utani wake: ilitengenezwa na kiwanda cha cherehani, Singer, ile ile ya kushonea. Harlan akiitaja huiita "cherehani yangu," basi, na kunyamaza. Dwight alifikiri mzee anaionea aibu. Nani ajisifu kwa bastola iliyotoka kwa washona nguo?

Imogene, mama mkwe, ndiye aliyemfungulia droo. "Ifanye ipendeze, mwanangu," alisema. "Maskini, imekwanguka kama sufuria."

Kwa jioni kadhaa Dwight aliifanyia kazi gerejini kama ambavyo hakuwahi kulifanyia gari lolote. Aliifungua kipande kwa kipande. Akazisugua alama za miaka kwa gurudumu la kung'arishia, akaondoa mikwaruzo, akalainisha kingo, na pale penye jina la kiwanda alipita kwa uangalifu wa mtu anayemnyoa mtoto, ingawa herufi zilififia kidogo. Kisha akazitumbukiza zile sehemu kwenye dawa ya moto ya kutia rangi. Zilitoka na buluu nzito inayoelekea weusi, inang'aa kama jicho la farasi. Alisimama akaitazama. Ilikuwa kazi nzuri. Kusema kweli, ilikuwa kazi nzuri mno.

Siku ya sherehe walikuwa wachache: Harlan na fremu yake ya kutembelea, Imogene, Noreen aliyekuwa ametoka kazini na sare zake za uuguzi, Dwight, na rafiki wa Harlan wa tangu ujana, Virgil Teague, mkusanyaji mwenzake. Walikula nyama ya kifua iliyofukizwa moshi, maharage, na keki ya nazi. Kisha Dwight akaleta boksi.

Harlan akang'oa karatasi, akafungua kifuniko.

"Ni ya Babu Amos," Dwight akasema, anatabasamu hadi masikioni. "Nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani."

Uma wa Virgil ulilia kwenye sahani. "Yesu wangu," alisema. "Harlan. Niambie si ile."

"Virgil, kula keki," Harlan akasema. Aliitoa bastola kwenye boksi, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, akapitisha kidole gumba pale penye jina. "Imeng'aa," alisema mwishowe. "Umejitahidi, Dwight." Kisha akashika fremu yake, akajikokota hadi chumbani, na mlango ukafungwa taratibu.

Virgil alimfuata Dwight nje kwenye kibaraza.

"Bwana mdogo, unajua Singer walitengeneza ngapi?"

"Sijui. Nyingi?"

"Mia tano. Jeshi liliwapa kazi ya majaribio, wakazitengeneza kwa unadhifu kushinda wengine wote, kisha wakaambiwa wakaunde mitambo mingine. Mia tano, na nyingi zilipotelea vitani. Yupo mtu Dallas amekuwa akimbembeleza baba mkwe wako miaka na miaka. Hadi jana ingenunua nyumba hii, na chenji ibaki."

Dwight alijishikilia kwenye nguzo. "Na leo?"

"Leo ni bastola safi sana," Virgil akasema, naye akaangalia pembeni kwa huruma.

Noreen alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa wavu, amesikia yote. "Baba aliniambia mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi tu. Alisema hana shamba, hana akiba ya maana, ila nisiwe na wasiwasi na uzee wangu kwa sababu ya cherehani. Sikukwambia maana aliniapisha. Ningejua unaishika, Dwight! Ungeniuliza!"

"Nilitaka iwe siri ya kushtukiza."

"Basi tumeshtuka," akasema, akaingia ndani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dwight alizunguka juma zima kama mtu aliyefiwa. Chakula hakikupita. Gerejini alishika msasa akauweka chini. Alimtangazia mtu wa Pryor, mji wa jirani, gari lake mwenyewe, ile Ford aliyoijenga kwa Jumapili zake zote, auze ampe mzee hela. Noreen alipopata habari akampigia yule mtu simu akamwambia haliuzwi. "Umeharibu kimoja, usiniharibie viwili," alimwambia mumewe. Lakini usiku ule ndipo alipomwekea mkono mgongoni kwa mara ya kwanza tangu sherehe.

Kisha Harlan akamwita.

Alimkuta mezani jikoni, bastola imelala juu ya gazeti. Imogene alikuwa kanisani. Harlan hakumtazama.

"Virgil ananiambia siku hizi kuna watu wanataka magari yaonekane makuukuu. Rangi mpya iliyochakazwa kwa makusudi."

"Wapo, mzee."

"Unaweza?"

"Naweza. Nimeshafanya."

"Na chuma?"

Dwight akaelewa. "Chuma pia. Nikichukua picha za zamani nikaona ilikwanguka wapi. Asidi kidogo, ngozi, mafuta ya mkono. Herufi naweza kuzichonga upya chini ya lenzi."

"Mtu wa Dallas anakuja maonyesho yajayo. Ana macho, ila si ya malaika. Virgil nitamnyamazisha." Sasa Harlan alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ni ya Noreen, Dwight. Siombi kwa ajili yangu."

Dwight alikaa. Kila kitu ndani yake kilitaka kusema ndiyo: angelipa deni, angemrudishia mkewe uzee wake, na kazi yenyewe angeiweza, mikono ilishaanza kuwasha.

"Siwezi, baba," alisema. Hakuwa amewahi kumwita baba.

"Umesema unaweza."

"Mikono inaweza. Nilipoiharibu mara ya kwanza sikujua. Mara hii nitakuwa najua. Yule mtu wa Dallas atailaza kwenye kabati lake, atawaonyesha wageni mikwaruzo, hii ni ya vita, hii ni ya ndege, kumbe ni mimi na chupa ya asidi nyuma ya gereji. Nitamwibia yeye, na Babu Amos pia."

"Toka jikoni kwangu!" Harlan akapiga meza. "Miaka yote umenicheka, chuma ni chuma, leo ndiyo umekuwa mchungaji!"

Dwight alitoka. Alifika kwenye gari, mkono uko kwenye kitasa, akasikia fremu inagonga sakafu ya kibaraza, ta, ta, ta.

"Dwight." Mzee alikuwa anahema. "Rudi ndani. Kuna kahawa."

Hakuomba radhi, wala Dwight hakungoja aombwe. Walikunywa kahawa wakiongea habari za mvua.

Tulsa walikwenda pamoja. Harlan aliiweka bastola katikati ya kitambaa cha kijani, mara ya kwanza maishani mwake, na mbele yake kikadi alichokiandika kwa mkono: *Singer. Rangi imefanywa upya.* Habari zilizunguka ukumbi haraka kuliko moto wa nyasi. Wanaume wazima walikuja wakaegemea meza wakitikisa vichwa kama wako msibani.

"Nani kafanya, Harlan?"

"Huyu hapa. Mkwe wangu. Mtazameni vizuri, msimwachie hata saa zenu."

Dwight masikio yaliwaka, ila alikaa. Kila aliyekuja Harlan alimpa jibu lile lile, na kufikia mchana lilikuwa limeanza kuwachekesha wote, mpaka wao wawili. Mzee mmoja wa Muskogee alimnong'oneza Dwight kwamba yeye mwenyewe, ujanani, aliichovya bastola ya mjomba wake kwenye dawa ya nikeli ili ing'ae. "Alinifuta kwenye wosia," akasema, akampigapiga bega.

Mtu wa Dallas naye alifika, suti nzuri, kofia mkononi. Alisoma kikadi. Aliinama akaitazama bastola muda mrefu bila kuigusa.

"Ungeweza kuninyamazia," alimwambia Harlan.

"Ningeweza."

Alitaja bei, sehemu ya tano ya ile ya zamani, na hata hiyo ilikuwa hela ya heshima. Harlan akasema ni ya binti yake, angemuuliza.

Noreen aliulizwa Jumapili baada ya ibada, wakiwa malishoni kwa Virgil. Alikuwa anaipima bastola mkononi.

"Inapiga?" aliuliza.

Harlan alikuna kidevu. "Nadhani. Baba aliipiga mara ya mwisho mimi nikiwa shule ya msingi. Tangu nijue bei yake sijathubutu. Kila risasi inaila."

"Bei si imeshaliwa?"

Wakatazamana. Virgil alicheka kwanza. Akaenda nyumbani akarudi na boksi la risasi na ndoo ya makopo, akayapanga juu ya uzio. Harlan aliacha fremu, akaegemea bega la mkwewe, akanyoosha mkono. Mlio ukatikisa malisho, ng'ombe wakainua vichwa, na kopo lililokuwa kushoto kwa lile alilolenga likaruka.

"Inarusha kama Baba alivyosema," mzee akasema. "Alisema inavuta kushoto kidogo. Nilidhani ni hadithi." Akapangusa jicho kwa mkono wa shati. Kisha akaanza kusimulia mambo ya Amos ambayo hata Imogene hakuwahi kuyasikia, jinsi alivyoogopa kuwa juu huyo rubani, jinsi alivyokuwa akiimba angani kujipa moyo, na alisimulia huku anajaza risasi, anapiga, anasimulia tena.

Noreen alipiga makopo matatu. Jioni ile alimpigia simu mwenyewe mtu wa Dallas akamshukuru na kumkatalia. Uzee wake, alisema, atautafutia njia nyingine; ana mikono, na ana mume fundi.

Dwight yeye hakupata kopo hata moja. Alimaliza risasi zake zote, akalitoboa tenki la maji ya ng'ombe.

"Kwa kupaka rangi, umefanya vizuri," Harlan akamwambia, anamnyang'anya bastola. "Kwa hili, mwanangu, kaa kwenye gari."