Tumbo la Zimwi

Mhariri wangu hana mchezo. Aliniambia waziwazi, "Dada, kitabu tunakisoma kwanza mbele ya watoto wa chekechea. Wakichoka kabla ya mwisho, kazi anapewa mchoraji mwingine." Miezi minane nimelichora lile zimwi la hadithi za zamani, limezalo watu, mpaka mume wangu ameanza kulionea wivu. Halafu hukumu iko kwa watu wasiojua hata kufunga kamba za viatu! Nilikasirika, lakini nikaufyata.

Siku ilipofika, watoto ishirini waliketi sakafuni, na mhariri akakaa nyuma yao, kalamu mkononi. Nikasoma. Zimwi likameza mbuzi, likameza mwashi na ngazi yake, likamalizia na bibi na miwani yake. Likalala chali, tumbo ndii. Watoto macho yamewatoka. Nikajisemea, mambo si hayo!

Nikafunua ukurasa. Bibi anacheza ngoma na wenzake, sherehe imepamba moto.

"Bibi katokaje?" akauliza binti mmoja ambaye wenzake humwita Kibogoyo.

Kitabu kile cha majaribio nilikibandika mwenyewe asubuhi, mbiombio, na gundi ilikuwa imegandisha kurasa mbili pembeni. Picha ya watu wakitoka tumboni ilikuwa imefungiwa katikati. Nikarudi kwenye zimwi lililolala, nikajaribu kubandua kwa kucha. Wapi! Huku nyuma watoto wakaanza kusukumana, mmoja akapiga miayo, na mhariri akaandika kitu. Nikajua ndiyo basi tena.

Kibogoyo akanyanyuka, akaja kuweka sikio juu ya tumbo la zimwi.

"Shangazi, bibi yumo. Anahema."

"Yumo, mwanangu, ila hatoki."

"Nimtoe?"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitovu, mahali nilipomaliza wiki nzima nikipaka rangi. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nikamwambia, "Mtoe."

Karatasi ikalia chwaa. Ndani ya tundu, miwani ikachungulia, kisha uso wa bibi.

"Huyooo!" Darasa zima likasimama. Kila mtu alitaka kumtoa wake. Mmoja akamtoa mwashi, mwingine akaitoa ngazi, na mwalimu wao akapiga kelele kuliko wote. Zimwi langu likabaki kichwa na miguu.

Mhariri akaja polepole akiwapita watoto, akakitazama kitabu kilivyochanika.

"Mchoraji ni wewe," alisema. "Ila kila kitabu kiwe na tumbo la kufunguka."

Machozi yakanitoka mbele ya chekechea nzima, na sikuona haya. Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa ameshapiga magoti kati ya watoto na kuitupa kalamu.

"Mbuzi je?" akauliza. "Nipisheni, mbuzi namtoa mimi."