Goti Lenye Bega

Mkuu wa kitengo cha kuunda diski alikuwa tayari kuwapongeza watu. Diski za kuhifadhia picha za wagonjwa zilikuwa ziondoke jioni hiyo kwenda hospitali, na wiki iliyofuata mama yake mzazi angepigwa picha ya kifua huko huko. Awali diski zilikuwa zimewatoa jasho: mara moja moja, picha ya mgonjwa huyu ilitoka na nusu ya yule. Wakaiagiza programu inayoendesha diski iandike kila hatua inayopiga, wamnase mkosaji. Tangu hapo diski ikashika adabu kama mgeni wa siku ya kwanza.

Aliyenuna ni Bibi Kufuli peke yake, fundi wa programu aliyepewa jina hilo kwa kufunga hata droo ya vijiko. Akasema kosa halijapona, limejificha. Kuandika hatua kunaichelewesha programu kidogo, basi kazi zake hazigongani tena. Mkuu akawaza, huyu mama hajui kufurahi?

Bibi Kufuli hakubishana. Akaondoa amri zote za kuandika hatua, akaiachia diski ikimbie na picha za majaribio. Chai ya mkuu haijapoa, likatokea kwenye skrini goti lenye bega juu yake.

“Kufuli tumeweka,” akasema Bibi Kufuli, “lakini tunafunga baada ya kuchungulia. Kazi mbili zinachungulia pamoja, zote zinaona nafasi ileile ya diski kama chumba kitupu, zote zinaingia.”

Akauhamisha mstari mmoja wa programu juu ya mwingine: funga kwanza, ndipo uchungulie. Basi. Mkuu alibaki na kikombe mkononi, amesahau kunywa. Kumtazama mtu anayeijua kazi yake ni raha, hata kama aliyekosea ni wewe.

Wakazijaribu diski upya, zikachelewa kufika, na lawama za wakubwa mkuu akazibeba mwenyewe bila kinyongo.

Siku ya kipimo, hospitalini, mkuu alimwomba mpiga picha aifungue tena picha ya mama yake. Akaikodolea macho, kisha akamwandikia Bibi Kufuli: “Mbavu zote ni za mama.”

Jibu likaja papo hapo: “Na za aliyepigwa baada yake?”

Mkuu akaona haya. Akamwambia mama asubiri kidogo, akarudi ndani kumwomba mpiga picha aangalie na picha ya huyo.