Marekani wa Ngamiani

Pale Ngamiani, kwenye baraza ya nyumba ya Mwinyijuma, dunia iligawanywa zamani na wenyewe hawakuulizwa. Mwinyijuma alikuwa Uchina, kwa sababu aliwahi kuuza chupa za chai na sufuria za huko. Sele, fundi cherehani, alikuwa Urusi, kwa ubishi wake tu. Na Uweso, mstaafu wa reli, alikuwa Marekani. Majina yakashika, hata watoto wa mtaani wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Babu Marekani," naye huitikia marahaba bila kukunja uso. Kila asubuhi, kahawa ikishamiminwa na kashata zikishazunguka, swali ni lile lile: dola kubwa ni ipi, na kipi kinaifanya kubwa? Mshindi hukaa kesho yake kwenye pembe ya baraza, penye ukuta wa kuegemea mgongo. Kwa wazee wenye viuno vibovu, hicho si cheo kidogo.

"Mabomu," Sele husema. "Ukiogopwa, umekuwa."

"Viwanda," hujibu Mwinyijuma. "Hebu vua hayo makubazi utazame yametoka wapi."

"Neno," husema Uweso. "Mkubwa ni yule akisema ndiyo, ikawa ndiyo, hata kwa mtu asiyemjua."

Wenzake humcheka. Nani kawahi kuona dola ya maneno?

Hawakujua, wala asingewaambia hata wamshikie kisu. Sabiha, mwanawe wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani mjane, virusi vya Ukimwi vimemla mpaka baba yake akaanza kuwaza sanda. Kliniki moja ndogo huko Pongwe, iliyoendeshwa kwa fedha za Wamarekani, ikampa dawa akainuka. Akanawiri, akarudi kusuka mikeka, akawa anacheka mpaka majirani wanalalamika. Tangu hapo Uweso akawa Marekani kwa moyo, si kwa jina. Binti akaendelea kufuata dawa huko huko Pongwe, kikapu cha ukili kichwani kama anayewapelekea wateja mikeka. Hospitali ya mjini ilikuwa karibu, na dawa zile zile zilikuwepo, lakini mapokezi alikaa Zuwena, mke wa Sele, na ulimi wa Zuwena Tanga nzima inaujua. Sitara ni nguo, Uweso alikuwa akisema, na nguo haivuliwi sokoni.

Mwaka ulipoanza, kliniki ikafungwa. Amri ilitoka ng'ambo, fedha zikasimama, basi. Muuguzi Beatrisi, ambaye kibarua chake nacho kilikuwa kimeota nyasi, alifunga safari mpaka nyumbani kwa Uweso.

"Shikamoo baba. Mpeleke Sabiha hospitali ya mjini kabla dawa hazijamwishia. Wanawapokea wagonjwa wetu. Asikae bila dawa, baba, tafadhali."

"Marahaba mwanangu. Tutakwenda."

Sabiha alikuwa tayari siku ile ile, buibui mwilini. "Baba, mie naona niende tu. Watasema, watachoka."

"Watachoka wewe ushaumbuka. Subiri, mwanangu. Watafungua. Taifa kubwa vile halitupi watu njiani."

"Kweli baba?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Sabiha akavua buibui, akalitundika msumarini, akarudi kwenye mkeka wake.

Habari zikafika barazani kupitia redio. Sele hakuweza kujizuia. "Eh, Marekani! Nasikia umefunga bomba. Ukubwa gani huo wa kumnyang'anya mgonjwa kikombe mkononi?"

Watu wakaangua kicheko. Uweso akasimama. Akasema wakubwa wanakagua tu mambo yao, akasema mwenye nyumba haulizwi kwa nini amefunga mlango kwa muda, akasema neno walikwishalitoa na watalirudia. Alisema mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na muuza kahawa akasahau kumimina. Masikini, hakuwa akibishana na Sele. Alikuwa akiitetea roho ya mwanawe kwa mdomo, kama kwamba akishinda pale barazani huko ng'ambo watasikia. Mwinyijuma akatangaza kuwa Marekani ameshinda. Kesho yake Uweso alikaa kwenye pembe, mgongo ukutani, na asubuhi hiyo hiyo Sabiha alimeza kidonge chake cha mwisho.

Ramadhani ikaingia. Sabiha alikonda, watu wakadhani ni saumu. Uweso alikuwa akienda Pongwe kimyakimya, anatazama geti lenye kufuli, anarudi kumwambia binti yake, "Bado kidogo." Na Sabiha, Mungu amrehemu, kila mara alijibu, "Haya baba." Baada ya Idi kikohozi kikaanza. Siku aliposhindwa kusimama ndipo mzee alipoita bajaji.

Pale mapokezi Zuwena aliinua macho. Uweso akainamisha yake. Zuwena alitoka nyuma ya meza, akamkumbatia Sabiha, akakiweka kichwa chake begani na kumpeleka kwa daktari bila foleni. Aliporudi alikuwa analia.

"Shemeji, mlikuwa wapi siku zote hizi? Nilimwona Pongwe miaka imepita, nimempeleka mgonjwa wangu, nikajua. Tangu kule kufungwe namwangalia kila anayeingia mlango huu, nasema leo atakuja."

"Na Sele anajua?"

"Sele ajue kwa lipi? Ya hospitali nayaacha hospitali. Mdomo wangu ni wa harusi na ngoma, si wa magonjwa ya watu."

Uweso aliona bora angemtukana.

Ilikuwa kifua kikuu, na mwili haukuwa tena na nguvu za kupigana nacho. Dawa zilianza, ila zilikuwa zimechelewa. Sabiha alifariki Ijumaa, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Aliyemwosha ni Zuwena.

Baraza ikahamia msibani. Wakakaa kwenye jamvi nje ya nyumba ya Uweso, na Mwinyijuma, kwa desturi yetu ya kumliwaza mfiwa, akapapasa ukuta. "Sogea huku, Marekani. Pembe hii tumekuwekea, uegemee."

Uweso hakusogea. "Jina hilo nimelizika."

Akawaeleza yote: Pongwe, kikapu cha ukili, kufuli. Hakuficha kitu, maana sitara ilikuwa haina wa kumfunika tena. Sele alijifuta macho kwa kofia yake.

"Wamemuua hao wakubwa," alisema.

"Wana lao la kujibu kwa Mungu. Wamefunga mkono bila hata kujua kama kuna Sabiha. Lakini dawa zilikuwa hapa mjini, Sele, anapokaa mkeo. Mwanangu alishavaa buibui." Akawageukia wenzake wote. "Miaka yote tumeulizana mkubwa ni nani. Mkubwa ni yule ambaye ukimwamini hutafuti njia nyingine. Kwa Sabiha hakuwa Mmarekani. Alikuwa mie. Nilimwambia subiri, akasubiri."

Zuwena akatokea mlangoni, buibui la marehemu mkononi, kuuliza apewe nani sadaka. Uweso akalipokea, akalipakata mapajani.