Sikio la Fundi Zacharie

"Zima redio," Zacharie alisema kwa Kiswidi, na mzee mwenye gari akaizima.

Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, akaegemeza mpini sikioni, akafumba macho. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni mwa maegesho ya Bredäng kupita urefu wa boneti. Mama Hortense, mnunuzi, alisimama kando, mikono chini ya shali, akimtazama fundi usoni kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Gari lilikuwa refu, la kijani, lenye buti pana, na lilikuwa limeshatembea kilomita zaidi ya laki tatu. Mtu mwingine angesema limefika mwisho. Lakini Zacharie alikuwa amezeeka na malori yaliyoshuka kutoka Bukavu kwa barabara ya Ngomo, malori ambayo hayakuwa hata na kipimo cha kuhesabia kilomita, na kilomita peke yake hazikuwahi kumtisha.

Alifungua kifuniko cha oili, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Alitazama maji ya rejeta kama yana mafuta. Alimwambia mzee akanyage mafuta, akaenda nyuma na kukinga kiganja penye ekzosi, na kiganja kikatoka safi. Kisha akaliendesha kuzunguka mtaa, giya zote, breki zote. Aliporudi alitandika gazeti juu ya barafu, akalala chali na kuchungulia chini. Kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi nzito kama lami, nyororo, kavu. Hakuna tone lililokuwa likivuja. Zacharie alifurahi, alijiambia kuwa mzungu huyu alilitunza gari lake hata pale pasipoonekana.

"Fundi, iko namna gani?" Mama Hortense aliuliza.

"Moteur iko na roho ya kijana, mama. Mimi sijasikia moteur ya namna hii tangu Uvira."

"Mais ile bei iko chini sana. Unajua, cha rahisi huvunja upishi."

"Huyu muzee hajue kile anauzisha."

Mzee, ambaye hakuelewa Kiswahili, aliwatazama kwa zamu. Akasema taratibu kwamba ukaguzi wa mwaka ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na kama wanataka, wangeweza kulipeleka kwanza likapimwe na watu wa kazi hiyo, kisha ndipo waamue. Yeye hangekuwa na neno.

Zacharie alihisi damu ikimpanda. Watu wa kazi hiyo! Kwani yeye alikuwa nani?

"Mimi ni fundi," alimjibu kwa Kiswidi chake kizito. "Nimeshapima."

Tuseme ukweli, hakuwa ameshika injini kwa miaka kumi. Kule Kavimvira, kitongoji cha Uvira karibu na mpaka wa Burundi, alikuwa na gereji na vijana waliomwita patron, yaani bwana mkubwa. Hapa gereji zote zilimwomba cheti, na cheti cha nini wakati mikono ipo? Akaishia kusukuma mashine ya kusugua sakafu kwenye jumba la maduka la Skärholmen kabla maduka hayajafunguliwa. Ni kanisani tu, kule walikosali Wakongo na Warundi kwa Kiswahili, ndiko jina la fundi lilikobaki. Walilitamka kwa heshima na yeye akalivaa kila Jumapili pamoja na suti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga, ila Zacharie wa watu hakutia maji kwa makusudi. Alimtaka sana Mama Hortense apate gari hilo.

Maana mama yule alilihitaji kuliko pumzi. Tangu afike Sweden alikuwa akifanya kazi ya kuitwa kwa simu: analala na simu juu ya mto, ikilia alfajiri anakimbia kwenda kumwogesha mzee fulani badala ya mfanyakazi aliyeugua, isipolia, hakuna mshahara. Sasa msimamizi wake alikuwa amempa kazi ya kudumu, ya kuwazungukia wazee wanaoishi mashambani huko Ekerö, ambako basi hupita kwa bahati. Sharti lilikuwa moja. Awe na gari lililokaguliwa kabla ya mwezi wa tatu. Leseni alikuwa ameipata baada ya kuanguka mtihani mara nyingi mno hata mwalimu wake akaanza kumwonea huruma.

"Basi nakuamini, fundi," alisema, akampa mzee mkono.

Siku ya ukaguzi waliondoka pamoja, mama akiendesha. Alilisifu gari njia nzima. Alilipa hata jina, Neema, akacheka mwenyewe, na Zacharie akacheka naye, moyo wake ukiwa mwepesi kama wa bwana harusi. Mwaka 2010 ulianza na baridi kali mno, lakini mle garini joto lilikuwa tamu.

Mkaguzi alikuwa binti mrefu mwenye nywele zilizofungwa nyuma. Alipima moshi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipima breki, akaandika. Zacharie alimkonyeza mama. Kisha gari likainuliwa juu, na yule binti akaingia chini yake na taa na nyundo ndogo.

Alikuwa akigonga taratibu. Ko, ko, ko. Halafu sauti ikabadilika, na nyundo ikazama.

Hakuipiga kwa nguvu. Zacharie aliona kwa macho yake. Aliigusisha tu ile rangi nyeusi chini ya mlango wa dereva, na rangi ikapasuka kama ganda la yai. Mavi ya chuma, kutu kavu ya kahawia, yakamwagika sakafuni. Akagonga pengine, yakamwagika tena. Akaingiza kidole, kikapita.

"Njoo uone," alimwambia Zacharie, bila ukali.

Zacharie alikwenda, akainua uso. Palipopaswa kuwa na mhimili wa chuma unaobeba gari palikuwa na tundu ambalo mkono wa mtoto ungeingia. Alitazama ndani yake kwa muda mrefu.

"Ni chumvi ya barabarani," binti alisema. "Magari yote ya umri huu. Watu wengi huanza kutazama hapa kabla ya kufungua injini."

Chumvi. Kila siku ya baridi, akienda kazini, alipishana na magari yanayoimwaga ili barafu iyeyuke. Akifika alivifuta viatu vyake ile mistari myeupe kwa kitambaa chenye maji, na hakuwahi kujiuliza chochote. Kwao kutu ni jambo la bodi, jambo la mpiga rangi. Gari kwao linakufa kwa injini, na ukiisikia injini umelisikia gari.

"Naweza kuchomelea," alisema. "Nina mikono. Nitachomelea mwenyewe."

Binti alimwangalia, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kusema alilotaka kusema.

"Utachomelea kwenye nini?"

Zacharie akatafuta kwa macho chuma kizima cha kushikia, asikione. Akaelezwa kwamba kuanzia sasa gari haliruhusiwi barabarani, isipokuwa kupelekwa kutengenezwa au kubomolewa, na akaelewa kila neno, ingawa siku nyingine Kiswidi humpita nusu.

Mama Hortense alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alitoka nje, akampigia simu msimamizi wake, akasimama wima kana kwamba yule mtu alimwona. Zacharie alimsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, na kushukuru mara mbili. Njia ile ya Ekerö angepewa mwingine. Yeye angebaki kwenye orodha ya wanaoitwa.

"Mama," Zacharie alisema, "nimekuua."

"Usiseme vile."

"Ule muzee aliniambia tulipime kwanza. Nilikataa kwa sababu ya majivuno. Mimi ndiye nilikataa."

"Wacha, fundi. Ni mapenzi ya Mungu."

Zacharie alitamani mama amtukane. Huko kwao mtu aliyeharibiwa mali huja gerejini na kaka zake, mnapigiana kelele mpaka jirani wanaingilia, na mwisho kuna namna ya kulipa. Yeye hapa angelipa na nini? Na huyu mama alikuwa akimfuta vumbi begani, vumbi la chini ya gari, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda misa.

Simu ya mama ikalia. Alikuwa Asifiwe, mwimbaji wa kwaya, ambaye naye alikuwa akitafuta gari na alitaka kujua ukaguzi ulikwendaje.

"Haikupita, mama," Hortense alijibu. Alisikiliza. Akampa Zacharie kisogo na kushusha sauti, lakini maegesho yalikuwa matupu na maneno yakamfikia yote. "Hapana, yeye hana lawama. Fundi alifanya kazi yake muzuri... Donc, basi, wewe tafuta mutu wa hapa akupimie. Ndiyo. Mutu wa hapa tu."

Zacharie aligeukia gari. Alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama alifungua mlango wa dereva na kuanza kukusanya vitu vyake: kikwarua cha barafu, viatu vyepesi vya kazi, Biblia ndogo. Mwisho akavuta kutoka kitini mto mnene wa maua mekundu. Alikuwa mfupi, bila mto huo hakuona vizuri juu ya usukani. Aliukung'uta, akaukumbatia chini ya kwapa, akamkabidhi Zacharie funguo.

"Utajua mahali pa kuipeleka," alisema.

Basi lilipokuja alipanda polepole, kwa kuwa mto ulimziba njia, na dereva akamngojea. Kupitia kioo Zacharie alimwona akihangaika mahali pa kuuweka. Kiti cha pembeni kilikuwa na mtu. Mwishowe aliinuka kidogo, akauweka chini yake, akaketi juu yake, na kichwa chake kikawa juu kuliko vichwa vya abiria wote, akitazama mbele barabarani.