Muhuri Uliovunjwa Jikoni

Kinu changu cha shaba hakijui kunyamaza. Hata nikiponda taratibu vipi, hulia kama kengele ndogo, na kuta za nyumba hizi za Berlin ni nyembamba. Siku ile nilikuwa naponda zafarani kabla ya alfajiri, nipike wali mtamu wa nadhiri, mwanangu Sadegh akatoka chumbani na karatasi mkononi.

"Mama, utawaamsha Wajerumani."

"Waamke wasali."

Akacheka, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na jiko, akaanza kunisomea. Ndiyo desturi yetu. Sadegh ni mwanachuoni, anaandika juu ya mashehe wetu wa Kishia na watawala wao, na kwa maandishi hayo hawezi kurudi nyumbani Qom, Irani. Lakini hakuna sura inayokwenda kwa mchapishaji kabla sijaisikia mimi. Husema mama yake mpishi akielewa, maprofesa nao wataelewa.

Sura ile ilimhusu Aga Hedayat, shehe aliyekuwa mwalimu wake; Aga kwetu ni kama kusema bwana. Nilipika nyumbani kwa Aga miaka kumi na mmoja, na Sadegh alikulia uani pale, hadi naye akavaa kilemba cha wanafunzi. Watu wote wa Qom waliamini kwamba Aga hakuwabariki watawala hata siku moja. Sasa Sadegh alikuwa amepata barua yenye muhuri wa Aga, ya mwezi wa Rajabu, mwaka aliofariki. Barua ilisema wanafunzi waliofungwa na watawala walistahili kufungwa. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Sadegh mwenyewe.

Alisoma bila kutetemeka. Kitabu chake kizima kilisema mashehe walionyamaza waliridhia kisirisiri, na barua ile ndiyo iliyokuwa nguzo yake. Miaka mitatu ya kazi. Mchapishaji alikuwa anaitaka sura hiyo Jumatatu.

Mchi ukasimama mkononi mwangu.

"Rajabu?" nikauliza.

"Rajabu, mama. Mwezi mmoja kabla hajafa."

"Basi si yake. Muhuri wa Aga ulivunjwa Muharamu ya mwaka uleule, miezi sita nyuma, siku ya tatu baada ya Ashura. Ulivunjwa ndani ya kinu hiki."

Sadegh akaweka karatasi chini.

Kwetu, shehe mkubwa akifa, muhuri wake huvunjwa siku hiyohiyo mbele ya mashahidi, asije mtu akamsemea maiti. Aga hakungoja kufa. Macho yake yalikuwa yamezimika mwaka ule. Alikuja jikoni akipapasa ukuta, akamwita mke wa mwanawe, Batul, akavua pete ya akiki iliyochongwa jina lake, ambayo ndiyo iliyokuwa muhuri wake. Akasema, "Asiyeona anachokitia muhuri hana haki ya kuwa na muhuri. Esmat, ponda." Nikaponda. Kisha akaniomba radhi kwa kuniharibia kinu. Mtu mkubwa vile, kumwomba radhi mpishi! Mumewe Batul, aliyesimamia ofisi ya baba yake, alituomba tusiseme, watu wasije wakaacha kuleta barua za kutiwa muhuri. Sikusema. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Una hakika, mama?"

"Mchi niliushika mimi."

Akaiokota karatasi, akaitazama tena ile tarehe. Kisha akasema kwa upole, "Ushahidi wako hautoshi. Wewe ni mama yangu, na ulikula chumvi ya Aga. Nikisoma kitabu cha mwenzangu chenye shahidi wa namna hiyo, nitamcheka."

Iliniuma kidogo, sitaficha. Lakini nilipokuwa nanyunyiza mdalasini juu ya wali, nilijikuta natabasamu peke yangu. Mtu asiyempendelea hata mama yake hatamwonea mtu mwingine.

"Yuko Batul," nikasema.

"Bi Batul alinikatia simu mara mbili."

"Wewe ulipiga simu. Mimi nitabeba wali."

Tulipanda treni ya asubuhi kwenda Hamburg, anakoishi Batul. Bakuli lilikuwa mapajani mwangu, kinu kwenye mfuko miguuni. Sadegh hakufungua kitabu njia nzima. Alinishikia bakuli kila treni ilipopinda.

Batul alifungua mlango mwenyewe, amejifunga ushungi wa nyumbani.

"Esmat! Umezeeka, masikini."

"Nimekufuata nyuma, dada. Wewe ndiye uliyetangulia."

Akanibusu, akamtazama Sadegh kuanzia viatu hadi kichwa. "Na huyu ndiye bingwa wa kutusema? Kilemba umekitupa wapi?"

"Sikukitupa, bibi. Kimo sandukuni kwa mama."

"Ingia. Viatu vua, ulimi vilevile uache mlangoni."

Alitumiminia chai, akatuletea njugu za pistachio, akatumiminia chai tena. Alipoonja wali akafumba macho. Nilijua anaonja jiko gani. Ndipo nilipotoa kinu nikakiweka kwenye zulia, nikamweleza tulichokuja kutafuta. Sadegh akamwonyesha nakala ya barua.

Batul hakuisoma. Alikuwa anaitazama ile alama ya muhuri tu.

"Kwa hiyo mmekuja nimvue nguo mume wangu ili mumvike baba yake," akasema.

Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, na picha yake ilikuwa ukutani nyuma yetu.

"Bibi," Sadegh akasema, "ukiniambia niondoke, nitaondoka. Jina lako sitalitaja."

"Na barua?"

"Nitaitoa kitabuni. Siwezi kuitumia tena, kwa sababu nimeshaitilia shaka. Lakini nikinyamaza tu, mwingine ataiokota aichapishe, na Aga atabaki ameiandika."

Batul akainuka kwa tabu. Aliporudi alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya akiki nyekundu, kimoja kikubwa kama punje ya dengu, na ncha ya herufi bado inaonekana.

"Niliviokota Esmat alipokwenda kuteka maji," akasema. "Ule muhuri uliovunjwa mbele ya watu siku ya mazishi ya Aga ulikuwa wa pili, wa kuigiza. Niliuona mezani kwa mume wangu mwezi wa Safar, Muharamu ilipokwisha."

"Ulimwona akiutia kwenye barua hii?"

"Hapana."

"Basi nitaandika ulichokiona. Muhuri wa Aga ulivunjwa Muharamu, barua ya Rajabu si yake. Nani aliyeitia muhuri, nitaandika kwamba sijui."

"Unajua, kijana."

"Ninadhani, bibi. Ninachodhani hakiingii kitabuni."

Batul akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, halafu akacheka. "Haya. Lakini wenzako watakucheka. Vikongwe wawili wa jikoni! Kwa hesabu ya mashehe wako, ushahidi wetu sisi wawili ni sawa na wa mwanamume mmoja."

"Si katika kitabu changu," Sadegh akasema. Akatoa daftari, akaandika jina kamili la Batul na langu, akatusomea kila neno, akatuomba tutie sahihi. Yangu ilikwenda upande. Hakuinyoosha.

Kisha akachukua ile sura, kurasa arobaini na moja, akaikunja katikati, akauliza pipa la karatasi liko wapi. Hivyo tu. Nimewaona watu wengi wakubwa katika nyumba ya Aga, wenye vilemba vyeusi na vyeupe, wengine walibusiwa mikono hadi ikachubuka. Nilikuwa sijamwona aliyebomoa nguzo ya nyumba yake mwenyewe bila kupandisha sauti. Nami ndiye niliyemzaa.

Pale mlangoni Batul alimrekebisha Sadegh kola ya koti, kama alivyokuwa akifanya kwa wanafunzi wote waliopita uani kwake. Bakuli alilirudisha limejaa lozi, maana kwetu chombo hakirudi kitupu.

"Sura nyingine utaandika lini?" akamuuliza.

"Nikishamwelewa Aga upya. Nilikuwa namjua kwa barua moja."

"Mimi ninaye wa miaka thelathini." Akanigeukia, akanishika mikono yote miwili. "Esmat, mje tena kabla ya Ashura. Mje mkae, msije kwa tiketi ya kurudi jioni. Na hicho kinu mje nacho, nataka kukisikia kikilia."