Kumwangukia Dessa

Jumamosi, tarehe kumi na sita Novemba. Asubuhi hiyo nyasi za uani kwetu zilikuwa zimeganda na kuwa nyeupe, na ukungu ulilala bondeni hata ghala la jirani halikuonekana. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau barabara ilikuwa kavu. Tulikuwa tunavuka milima kwenda kwenye mashindano ya kanda ya washangiliaji, na dereva alikuwa kaka yangu Doyle, ambaye hapunguzi mwendo kwenye kona.

"Hata sijui nimeamka alfajiri kwa ajili ya nini," Doyle alisema huku akimalizia vimkate vya moto na mchuzi wa soseji mezani kwangu. "Mchezo gani hauna mpira?"

"Kuogelea," alijibu mjukuu wangu Brylee. Alikuwa ameketi sakafuni, nami namfunga utepe mwekundu kwenye nywele.

"Kuogelea kuna maji."

"Na sisi tuna hewa, Babu Doyle."

Siku nyingine angecheka baada ya kumshinda babu yake. Siku hiyo hakucheka. Nilihisi shingo yake imekakamaa chini ya vidole vyangu, nikajua anawaza kuhusu Dessa.

Brylee ndiye wa juu katika kikosi cha washangiliaji wa shule yao, wasichana wanaoshangilia timu kwa sarakasi. Wenzake humrusha, anapinda angani kama upinde, kisha anashuka chali mikononi mwao. Wawili hudaka mgongo na miguu. Dessa husimama nyuma, na kazi yake ni kichwa na mabega. Ni msichana mkubwa, mwenye mikono ya mtu aliyekulia kwenye ng'ombe, na huu ndio mwaka wake wa mwisho shuleni. Watu wakitazama picha za kikosi huuliza yule wa juu ni nani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza aliye nyuma.

Septemba, kwenye mechi ya Ijumaa, nyasi zilikuwa na maji ya mvua. Mmoja wa wadakaji aliteleza wakati Brylee yuko hewani. Dessa alijitupa chini yake. Mjukuu wangu aliinuka bila hata mchubuko, na Dessa akabaki amelala, kifundo cha mkono kimevunjika. Mpira uliendelea kuchezwa. Mwamuzi hakuwaona, na tabibu wa timu alikuwa upande wa pili akimfunga mchezaji bandeji. Mimi na Doyle ndio tuliompeleka Dessa hospitali, na njia nzima alikuwa anamtania Brylee: "Umekula nini leo, wewe? Matofali?"

Brylee alilia mpaka tukafika.

Mkono ulipona, plasta ngumu ikatolewa, Dessa akarudi. Ila mjukuu wangu hakurudi alivyokuwa. Mimi nasoma masomo ya jioni katika shule hiyohiyo, kwa sababu niliacha masomo nikiwa msichana na sasa nataka cheti changu. Darasa letu limepakana na kantini, na washangiliaji hufanyia mazoezi kantini, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Ukumbi mkubwa ni wa mpira wa kikapu, na wa kikapu wakitoka huingia wa mieleka. Kwa mrusho wa juu huburuta magodoro mpaka uwanjani. Nikitoka darasani nilisimama kwenye uzio kumngojea Brylee, na kila jioni niliona jambo lilelile. Alipanda vizuri. Akianza kushuka, alijikunja na kugeuka pembeni, ili uzito wake usimfikie Dessa. Alipita katikati ya mikono yao na kupiga godoro kwa bega au kwa goti.

"Kaza mwili, Brylee! Kaza!" kocha Tonya alipiga kelele. Hakukaza.

Nami niliomba. Usiku na asubuhi nilipiga magoti nikasema, Bwana, usimwache mtoto huyu aanguke.

Tulipofika mjini, kocha aliniruhusu kuingia nao nyuma ya pazia, mahali pa kupashia misuli, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sindano, uzi na pini za nywele. Doyle aliingia kwa sababu alibeba jagi kubwa la maji, na hakuna mlinzi anayeweza kumzuia Doyle. Kila shule hupewa muda mfupi kwenye magodoro, kisha inaitwa jukwaani.

Walimrusha Brylee. Alijikunja. Alianguka kwa ubavu, na nikasikia pumzi ikimtoka.

Kocha Tonya alimpapasa mbavu, akamwinua, akatazama saa. "Basi," alisema taratibu. "Mrusho tunautoa. Tutafanya yaliyobaki."

Bila mrusho hawakuwa na njia ya kufika fainali za jimbo, na wote walijua. Brylee alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Dessa ndiye aliyevuka godoro, akaja kusimama mbele yake mpaka pua zao karibu zigusane.

"Unanihurumia," alisema.

"Sikuhurumii."

"Unanihurumia, na mimi sikukuomba. Mkono wangu huu hapa, tazama." Aliuzungusha. "Asubuhi hii mkono huu umebeba magunia ya chakula cha ng'ombe. Wewe una uzito gani? Wewe ni kuku tu, tena kuku wa nyumba yenye njaa."

Wasichana wawili walicheka. Doyle naye akacheka, nikampiga kiwiko.

"Nilikuvunja," Brylee alisema.

"Nani kakwambia ulinivunja? Mimi nilikudaka! Ndiyo kazi yangu, na siku ile niliifanya vizuri kuliko siku zote. Wewe peke yako ndiye unayesema nilishindwa. Ukijikunja, nakudaka vipande vipande. Hapo ndipo mtu anavunjika. Ukinipa mgongo wako wote, nakuweka chini kama yai. Huu ni mwaka wangu wa mwisho, Brylee. Usininyang'anye kazi yangu."

Brylee alinitazama. Nadhani alitaka niseme kitu cha kumwokoa. Kocha naye aligeuka akasema, "Bibi Verla, tuombee, halafu tuamue."

Wakapiga magoti, wakashikana mikono, na Doyle akavua kofia. Nilifungua kinywa kusema sala yangu ya kila siku, nayo haikutoka. Niliona wazi kwamba nilikuwa ninaomba jambo lisilowezekana. Msichana anayerushwa lazima ashuke. Mungu alikuwa amekwisha kunijibu tangu Septemba, na jibu lenyewe lilikuwa limepiga magoti hapo mbele yangu, lina ng'ombe nyumbani na kovu mkononi. Nikasema, "Bwana, asante kwa Dessa. Asante kwa mikono yake. Mpe mtoto wangu moyo wa kuipokea. Amina."

Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba mbele za watu.

"Mara moja tu," Brylee alimwambia kocha.

Kocha alitazama saa tena, akainua kidole kimoja.

Wadakaji walishikana mikono, Brylee akapanda juu ya mikono hiyo, wakahesabu kwa pamoja, akaruka. Sikufumba macho. Alipinda angani, utepe ukamfuata, na alipoanza kushuka niliona mabega yakitaka kugeuka. Hayakugeuka. Alilala chali hewani, miguu imenyooka, uso juu, akashuka na uzito wake wote. Dessa aliguna. Mikono yake ilikuwa mahali pake, na kichwa cha mjukuu wangu kilitulia begani kwake.

"Ee, Mungu wangu," Doyle alisema, kofia bado mkononi. "Mbona mpira wa kikapu hauna hiki?"

"Hauna Dessa," mmoja wa wasichana alimjibu.

Kutoka upande wa pili wa pazia mtangazaji aliita jina la shule yetu. Wasichana walianza kupanga mstari, nami nikamfuta Brylee machozi kwa kona ya sweta yangu. Dessa hakusogea.

"Siendi," alisema. "Kule jukwaani kuna taa na watu, utaanza tena kunihurumia. Kwanza sema utashuka vipi. Hawa wote wasikie."

"Dessa, wanatuita!" kocha alisema.

"Aseme kwa haraka basi."

Brylee alivuta pumzi. Alimshika Dessa ule mkono uliovunjika, mbele yangu, mbele ya kocha Tonya na kikosi kizima, na mbele ya Doyle na jagi lake la maji, akasema kwa ile sauti ambayo wamefundishwa kuitumia ili ifike mwisho wa uwanja:

"Naahidi nitashuka nimekaza, na nitakuangukia wewe, Dessa, na uzito wangu wote."